Dohani ilishika moto, zimamoto wakakataa kuimwagia maji. Naomba kuelimishwa

#1 Mpangaji_Loresho
Habari za jioni. Naomba kuuliza jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumanne. Nyumba tunayopanga ni ya zamani, ya mawe, yenye meko sebuleni, na kwa baridi hii ya Julai tumekuwa tukiwasha moto kila jioni. Jumanne, mnamo saa mbili usiku, tulisikia mngurumo ndani ya ukuta, kama wa basi linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Nilipotoka nje niliona ndimi za moto zikichomoza juu ya dohani na cheche zikitua kwenye vigae. Nilikimbilia ndoo ya maji ili niimwage mekoni, lakini jirani akanishika mkono. Zimamoto walipofika, nao hawakuelekeza mpira wa maji ndani ya dohani hata mara moja, ingawa gari lao lilikuwa na maji ya kutosha. Walikomba makaa wakayatoa nje kwa karai, wakapuliza unga mekoni, kisha mmoja wao akapanda paani na kudondosha vifuko vya plastiki kupitia mdomo wa dohani. Baada ya dakika kama arobaini mngurumo ulikoma. Maswali yangu ni mawili: moto unawezaje kuanzia ndani ya dohani, mahali ambapo hakuna kuni? Na kwa nini maji yalikataliwa?

#2 MamaNjoki_Tigoni
Pole sana, ndugu yangu, na tunashukuru kwamba watoto wako salama. Kilichowaka ni masizi. Huku kwetu Tigoni baridi huanza mapema kuliko huko mjini, na kila nyumba yenye meko inajua habari hiyo. Mama mkwe wangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba za mashamba ya chai, alikuwa na mkebe wa chumvi ya mawe kando ya meko. Kila Jumamosi alitupa konzi moja juu ya makaa, akisema kwamba chumvi hula masizi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona dohani ikiwaka.

#3 Mwalimu_wa_Kemia
Ndugu Mpangaji, si masizi makavu peke yake. Kuni zinapopata joto, hutoa mvuke wa maji, gesi na chembechembe za lami kabla hata ya mti wenyewe kushika moto. Moto ukiwa mkali na wenye hewa ya kutosha, sehemu kubwa ya gesi hizo huungua papo hapo mekoni. Moto ukifukuta, hupanda bila kuungua, na zikikutana na ukuta wa dohani uliopoa, hasa moshi unaposhuka chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, huganda ukutani kama jasho linavyoganda kwenye sufuria yenye kifuniko. Mabaki hayo ndiyo kreosoti. Mwanzoni huwa kama vumbi jeusi linalofutika kwa brashi. Yakizidi, huwa magamba yanayokatika kama maganda ya karanga zilizokaangwa. Hatua ya mwisho ni mbaya kuliko zote, kwa sababu kreosoti huwa ngumu na yenye kung'aa, mithili ya lami iliyomwagwa na kukauka, na brashi haiiwezi tena.

Kwa hiyo kuni zipo ndani ya dohani, ila zimebadilika umbo. Ulimi mmoja wa moto ukipanda juu, pengine kwa sababu ya gazeti au katoni uliyotumia kuwashia, tabaka hilo hushika. Likishika, dohani yenyewe huvuta hewa kwa nguvu kutoka chini, na hapo ndipo mngurumo unapotoka. Joto ndani yake laweza kufika nyuzi 1,000 na kupita.

Kuhusu chumvi, Mama Njoki, kwa heshima zote, sijaona sababu ya kikemia ya kuitegemea. Chumvi ya mezani haili masizi wala haizimi moto uliokwisha kushika. Nadhani kilichomwokoa mama mkwe wako ni kuni kavu.

#4 KuniKavu_Limuru
Ninauza kuni kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na ningependa kuongeza kwamba jambo kubwa ni aina ya mti. Watu wa mjini wanaitisha kuni za bei nafuu, wanaletewa msonobari na msaipresi, miti yenye utomvu unaonata mikononi. Utomvu huo ndio unaokwenda kuganda juu. Mteja akinunua mwati au mkaratusi uliokauka vizuri, hana habari ya moto wa dohani. Ndugu Mpangaji, hebu tuambie ulinunua kuni za mti gani.

#5 Mwalimu_wa_Kemia
Ndugu wa Limuru, hapo tutatofautiana kidogo. Nchi za kaskazini mwa Ulaya zimejaa misonobari, na watu wake wanaiota majira yote ya baridi bila nyumba zao kuteketea. Hoja ni maji yaliyomo ndani ya kuni. Mti uliokatwa jana waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Maana yake ni kwamba gogo la kilo 10 linabeba lita 4 au 5 za maji, ambazo lazima zichemke na kuondoka kabla moto haujapata nguvu. Kuni nzuri ni zile zilizopasuliwa na kupangwa penye upepo miezi sita hadi mwaka mzima, hadi unyevu ukashuka chini ya asilimia 20. Mkaratusi mbichi utakutilia kreosoti nyingi kuliko msonobari mkavu.

#6 Afisa_Mstaafu
Salamu kwenu nyote. Nilihudumu katika kikosi cha zimamoto kwa miaka ishirini na sita, sehemu kubwa hapa Nairobi, na ningependa kulijibu swali la pili kwa sababu naona limeachwa.

Maji hayakukataliwa kwa ukaidi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka na kuwa takriban lita 1,700. Sasa fikiria ndoo ya lita 20 imeingia ghafla ndani ya mfereji mwembamba wenye joto la chuma kinachofuliwa. Mvuke huo utarudi sebuleni na kumuunguza aliyemwaga, au utaipasua dohani yenyewe. Hata usipopasua kwa msukumo, udongo wa kuchoma na mawe yaliyopata joto kali yakipozwa kwa ghafla hupasuka, kama glasi ya moto inavyopasuka ukiitia maji baridi. Baada ya hapo moto uliokuwa umefungiwa ndani ya ukuta unapata mlango wa kutokea kwenye mbao za dari.

Kazi yenyewe huendeshwa na makundi mawili. La kwanza huingia sebuleni, husogeza viti, hutandika turubai, kisha hukomba makaa yote na kuyatoa nje ndani ya karai au ndoo ya bati. Hapo dohani imenyimwa joto la chini. Poda kavu, ile iliyomo katika mitungi myekundu ya ofisini, hupulizwa mekoni, na mvuto wa dohani huipandisha juu kwenye moto. Kundi la pili huwa paani, likiwa na ngazi ya paa na kamba za usalama. Vifuko ulivyoviona vilikuwa na poda hiyohiyo. Plastiki huyeyuka inapokutana na joto, poda ikatawanyika ndani, na moto hukatwa katikati ya kuungua kwake. Mpira wa maji huwa umejazwa tayari, lakini kazi yake ni kulinda paa na miti dhidi ya cheche.

Baada ya hapo hutazama juu kwa kioo kinachowekwa mekoni ili kuona kama kuna wekundu uliobaki. Tulipokuwa hatuna kamera ya joto tulipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, chumba kwa chumba, mpaka juu ya dari. Mahali palipo na joto lisiloeleweka tulipasua silingi bila kumuonea aibu mwenye nyumba. Wengi walitukasirikia kwa hilo. Nami niliwahi kukuta boriti inayofukuta saa tatu baada ya dohani kuzimika.

#7 Mpangaji_Loresho
Asanteni sana. Mzee, maelezo yako yamenitoa gizani. Kwa ndugu wa Limuru: kuni nilizinunua barabarani wiki mbili kabla, zilikuwa nzito na zilitoa povu kwenye ncha zilipokuwa zikiungua, na mti wake siujui. Kila usiku kabla ya kulala nililisukuma lile bati la kuzibia dohani likabaki wazi kidogo tu, ili makaa yadumu hadi asubuhi.

#8 Mwalimu_wa_Kemia
Povu kwenye ncha ni maji yanayochemka. Na moto uliobanwa usiku kucha ndio ule unaofukuta niliousema. Kwangu mimi maelezo yamekamilika.

#9 Fundi_wa_Mawe_Kawangware
Mwalimu, usifunge mjadala mapema. Mimi hujenga na kukarabati dohani huko Karen, Lavington na Kitisuru, na ninachokikuta mara nyingi ni makosa ya ujenzi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa mfereji wa udongo wa kuchoma ndani ya dohani, ni mawe na udongo tu. Miaka hamsini baadaye ule udongo umemomonyoka, na moshi unapita kwenye nyufa. Halafu fundi wa paa wa siku hizi anakuja kubadilisha vigae, anaziegemeza mbao zake moja kwa moja kwenye dohani kwa sababu ni imara. Kati ya mbao na dohani inafaa pabaki nafasi ya angalau sentimita 5. Mwaka juzi mteja mmoja aliniita akisema dohani yake inaungua kila mara, kumbe kilichokuwa kikiungua ni mbao za paa, na dohani yenyewe ilikuwa safi.

#10 Mwalimu_wa_Kemia
Fundi, hapo nakubaliana nawe, na kemia inakuunga mkono. Mbao zikikaa karibu na joto la wastani kwa miaka, hukauka na kubadilika kidogo kidogo kuelekea kuwa makaa, na uwezo wake wa kushika moto huongezeka. Ndiyo maana dohani iliyokaa salama miaka thelathini yaweza kuichoma nyumba mwaka wa thelathini na moja bila mtu kubadilisha chochote.

#11 Upepo_wa_Ngong
Ningependa kuleta sababu ambayo hamjaigusa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Dohani huvuta kwa tofauti ya uzito kati ya hewa ya moto iliyo ndani na ile ya baridi iliyo nje, na hewa ikiwa nyepesi tofauti hiyo hupungua. Waliochora nyumba hizi walileta vipimo vya Uingereza, nchi ya mabondeni. Dohani ikivuta kwa uvivu, moshi hukaa ndani muda mrefu, hupoa, na kreosoti hujaa. Moto wa Loresho ulichorwa kwenye karatasi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

#12 Fundi_wa_Mawe_Kawangware
Hoja yako ina uzito, lakini tofauti hiyo hufidiwa kwa kurefusha dohani. Kipimo tulichofundishwa ni kwamba mdomo uzidi paa kwa sentimita 90 pale unapolitoboa, na uwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60. Wanaokata dohani fupi ili nyumba ipendeze barabarani ndio wanaopata moshi sebuleni. Upepo, nakuomba usiwatetee kwa kuulaumu mwinuko wa nchi.

#13 Binti_wa_Karen
Kwetu haikuwa kuni wala ujenzi. Meko ilikaa bila kuwashwa kuanzia Septemba hadi Juni, na siku ya kwanza ya baridi baba akawasha. Ndege walikuwa wamejenga kiota cha vijiti na majani makavu ndani ya mdomo wa dohani. Sebule ilijaa moshi kwanza, kisha kiota kikashika, na vipande vinavyowaka vikaanza kuanguka juu ya zulia. Tangu siku hiyo tumeweka wavu wa waya juu, nao pia huzuia cheche zisitoke. Kila Mei fundi hupanda kutazama.

#14 Mchomaji_wa_Kenyatta_Market
Ninachoma nyama, sina meko ya sebuleni, lakini bomba letu la moshi liliwahi kuwaka kwa namna inayofanana sana na ya ndugu Mpangaji. Kwetu kilichoganda ni mafuta ya mbuzi. Mvuke wa mafuta hupanda, hupoa kwenye bati, na baada ya miezi kadhaa unakuwa na mshumaa mrefu uliosimama ukutani. Siku ule ulimi wa moto ulipoufikia, bati lilibadilika rangi likawa jekundu tukiliona kwa macho. Je, Mzee Afisa, huo nao huzimwa kwa poda?

#15 Afisa_Mstaafu
Poda huukata ule moto, lakini mafuta hubaki ya moto na yaweza kushika tena, kwa hiyo jikoni hutumika kemikali ya maji maalumu inayogeuza uso wa mafuta kuwa kama sabuni na kuufunika. Maji ya kawaida usithubutu. Kabla ya lolote, zima feni inayovuta moshi, maana ndiyo inayoulisha moto hewa. Na bomba hilo lisafishwe kwa ratiba ya miezi, lisisubiri mwaka.

#16 JiraniMwema_Kileleshwa
Naomba kuandika jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua: dohani ikianza kuunguruma, jambo la kwanza ni kulifunga bati la dohani kabisa. Hewa ikikosekana, moto hufa.

#17 Afisa_Mstaafu
Jirani, naomba nikusahihishe kabla mtu hajaumia. Kama una jiko la chuma lenye mlango, ndiyo, funga mlango na matundu yote ya hewa. Kwenye meko ya wazi, ukifunga bati huku makaa yakiwaka chini, moshi wote pamoja na kaboni monoksidi utageukia sebuleni, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kila Julai hapa Nairobi tunasoma habari za familia zilizolala na jiko la makaa madirisha yakiwa yamefungwa. Toa watu wote nje kwanza, piga 999 au 112, funga milango ya vyumba unapotoka, na usipande paani wewe mwenyewe.

#18 JiraniMwema_Kileleshwa
Nimekubali, Mzee. Nilikuwa nikifikiria jiko la chuma tulilo nalo nyumbani.

#19 Mjukuu_wa_Githunguri
Babu yangu alikuwa na njia yake. Mara moja kwa mwaka alisokota majani makavu, akayasukuma juu ya dohani na kuyawasha kwa makusudi, ili masizi yaungue yaishe. Alifanya hivyo asubuhi ya mvua, paa likiwa limelowa, na wajukuu wote tukiwa uani. Hakuwahi kuita zimamoto. Je, njia hiyo haifai tena?

#20 Fundi_wa_Mawe_Kawangware
Heshima kwa babu yako, naye alikuwa na busara ya kungoja mvua. Lakini kila mara alipofanya hivyo aliupasua mfereji kidogo kidogo. Nimebomoa dohani zilizosafishwa kwa namna hiyo, na ndani zilikuwa na nyufa ninazoweza kupitisha kidole. Brashi ya waya, fito za kuungana, na barakoa usoni: kazi ni saa mbili. Ukikuta tabaka limefika milimita 3, usiwashe tena mpaka usafishe.

#21 Mwalimu_wa_Kemia
Barakoa ni ya lazima. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alionyesha kwamba wasafisha dohani waliugua saratani kwa sababu ya masizi yaliyogandamana kwenye ngozi zao. Wengi wao walianza kazi wakiwa watoto, wakipandishwa ndani ya dohani kwa sababu ya wembamba wa miili yao.

#22 Mwanafunzi_Stuttgart
Ninaishi Ujerumani kwa masomo, ila nyumbani ni Kasarani. Huku zimamoto hawatii maji ndani ya dohani kamwe. Humwita msafisha dohani wa mtaa, ambaye ana leseni, wakaondoa vitu vinavyoweza kuungua karibu na ukuta katika kila ghorofa, kisha mara nyingi wanauacha moto uishe wenyewe huku wakiulinda. Kwa hiyo nashangaa hata ile poda ya vifukoni.

#23 Afisa_Mstaafu
Kijana, kila nchi ina mafunzo yake. Uingereza hutumia maji hadi leo, ila kwa njia tofauti kabisa na ndoo: huunganisha fito, wakazipandisha ndani ya dohani kutoka mekoni zikiwa na mdomo mdogo unaonyunyiza ukungu mwembamba, na maji hupigwa kwa pampu ya mkono, kidogo kidogo. Katika kozi moja wakufunzi wetu walibishana juu ya jambo hili tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Mimi napendelea poda, kwa sababu dohani nyingi za hapa hazina mfereji ndani na siwezi kujua nyufa ziko wapi. Mwenye dohani nzima na imara anaweza kubishana nami.

#24 Mpangaji_Loresho
Ndugu zangu, nimerudi na habari. Mwenye nyumba alikuwa amesema tuendelee kuwasha, kwa kuwa moto ulikwisha. Nilikataa, nikamleta fundi kwa gharama yangu. Ndani ya mfereji amekuta tabaka linalong'aa kama lami, kama alivyosema Mwalimu. Mdomoni kuna mabaki ya vijiti vilivyoungua, ambavyo huenda vilikuwa kiota. Juu ya silingi kuna boriti iliyo umbali wa sentimita 2 kutoka kwenye dohani, na upande wake mmoja ni mweusi, laini, ukiukwaruza kwa kisu unabaki unga. Dohani yenyewe imezidi paa kwa sentimita 50 tu.

#25 Upepo_wa_Ngong
Sentimita 50! Nilisema mimi.

#26 Binti_wa_Karen
Na kiota je?

#27 KuniKavu_Limuru
Bado sijaridhika. Ndugu Mpangaji, kama kuna gogo lililobaki kwenye rundo lile, lipasue katikati ulinuse, kisha utuwekee picha ya gome lake hapa.

#28 Fundi_wa_Mawe_Kawangware
Kabla ya gogo, tafadhali niambie jambo moja: ule weusi wa boriti uko upande unaotazama dohani peke yake, au umezunguka hadi nyuma? Ukiwa umezunguka, msilale chini ya chumba hicho usiku wa leo.

#29 Mpangaji_Loresho
Umezunguka. Tumehamisha vitanda vya watoto sasa hivi, na fundi anarudi kesho saa mbili asubuhi kuikata. Gogo nitalipasua akiwapo.